Tope la Barabara ya Kilwa

Anayeishi Tandale hahitaji kufundishwa tope. Masika yakikolea na Mto Ng'ombe ukafura, tangu Kwa Mtogole hadi nyuma ya soko la nafaka watu hukunja suruali, hubeba viatu mkononi, na wenye vyumba vya bondeni hupandisha magodoro juu ya makabati. Kwetu tope ni hasara ya kila mwaka. Hata hivyo nimesafiri kwenda kusini kwa sababu ya tope. Ni la Kilwa, lililotua chini ya bahari makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na ndani yake vimehifadhiwa visukuku vidogo kwa ubora ambao hupatikana mahali pachache sana duniani. Mabasi ya Lindi na Mtwara hupita juu yake kila siku, abiria wamelala. Nimerudi nikiwa na hamu ya kuwaamsha.

Kutoka Mbagala hadi Rufiji

Ukishaiacha Mbagala Rangi Tatu na msongamano wake, jiji halikatiki mara moja. Linakufuata Kongowe, linakufuata Vikindu, nyumba za matofali ya saruji zikichipua katikati ya minazi. Mkuranga ndipo pumzi inapopatikana. Mananasi yamepangwa kando ya lami, korosho zimekaangwa na kufungwa katika vimfuko, na udongo ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua papo hapo. Mchanga wa aina hii hautunzi kitu. Maji na hewa hupita humo yatakavyo, na jani au mfupa ulioangukia pale huoza na kusahaulika.

Kibiti tulikula wali wa nazi na perege, chakula cha Wandengereko ambacho sijaona mjini mtu akikipika sawasawa. Kisha likaja bonde la Rufiji. Daraja la Mkapa lina urefu wa karibu kilomita moja, na chini yake mto ulikuwa mpana, wa rangi ya kahawia iliyoiva. Rangi ile ni udongo kutoka nyanda za juu, chembe nyembamba mno zisizozama mpaka zifike mahali maji yanapotulia. Mto ukiingia baharini, mchanga hushuka kwanza karibu na pwani. Chembe za udongo mfinyanzi huelea mbali zaidi, kisha hushuka polepole kwenye maji ya kina na kuweka tabaka juu ya tabaka. Mito ya kale ya pwani hii ilifanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu kupita tunavyoweza kufikiri, na matokeo yake yapo mbele kidogo ya safari.

Kabla ya kufika huko kuna Mohoro. Basi halisimami, lakini mimi siwezi kupita Mohoro nikanyamaza. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale mnamo Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza kuwaka. Nchi hii ya kusini ina historia nzito, nami nilikuwa naipita nikitafuta historia nyingine kongwe zaidi yake. Zote mbili zimo katika ardhi ileile.

Somanga

Bahari inaijia barabara pale Somanga, na kila gari linalosimama huzungukwa na akina mama na vijana wenye sinia za samaki wa kukaanga na pweza. Nilinunua changu, nikala nimesimama, mikono ikinuka ndimu.

Somanga ina jambo jingine linalomhusu mtu wa Tandale kuliko anavyodhani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa kilicho mbele ya pwani hii, hupita baharini kwa bomba na kutokea nchi kavu Somanga Funga, ndipo iende Dar es Salaam. Mwaka 2004 ilianza kuendesha mitambo ya umeme Ubungo, jirani zetu kabisa. Gesi ile imekaa ndani ya mchanga wa zama za Kretasia, na isingekaa humo kama juu yake pasingekuwa na tabaka nene za tope gumu. Chembe za mfinyanzi ni bapa, nazo hulaliana kwa kubanana mpaka maji hayapiti na gesi haipandi. Basi, tope ndilo mfuniko.

Shikeni neno hilo la mfuniko, maana ndilo lililonitoa nyumbani.

Nangurukuru

Nangurukuru ni njia panda. Mkono wa kushoto unakwenda Kilwa, mbele unakwenda Lindi. Kuna vibanda vya chipsi, bodaboda, mama ntilie wenye masufuria ya maharage, na msafiri wa kawaida hukumbuka choo tu. Lakini jina hili limo katika vitabu vya jiolojia. Tabaka za tope za pwani hii zinaitwa Kundi la Kilwa, na mwaka 2006 wataalamu walizigawa katika mafungu wakayapa majina ya hapahapa: Nangurukuru, lililo la chini na la kale zaidi, kisha Kivinje, kisha Masoko, na juu kabisa Pande. Mwanafunzi wa Uingereza au Marekani anayesomea bahari za kale hujifunza majina hayo. Sijui kwa nini wanafunzi wa Nangurukuru wenyewe wasifundishwe.

Nilimwomba kijana wa bodaboda anipeleke mahali mvua ilipochimba korongo. Tulipofika, sikuona mwamba wala jabali. Ulikuwa udongo wa kijivu wenye ukijani kidogo, ukivunjika vipande vipande, mkavu juu na wenye unyevu ukiuchokonoa. Nililoweka bonge lake kwenye kopo la maji mpaka likalainika, nikalichuja kwa kitambaa chepesi, nikaosha tena na tena mpaka maji yakawa meupe. Kilichobaki kilitosha kujaza ncha ya kijiko. Nilikianika juani kwenye karatasi.

"Kaka, huo si mchanga tu?" kijana aliuliza.

Nilimpa lenzi. Alikaa kimya kwa muda, akisogeza karatasi kushoto na kulia, kisha akasema, "Mbona vina vyumba?"

Ni kweli, vina vyumba. Hayo ni maganda ya foraminifera, viumbe wa seli moja tu wanaoishi baharini, na wengi wao hujijengea ganda la chokaa kwa kuongeza chumba baada ya chumba kadiri wanavyokua. Wengine huishi wakielea karibu na uso wa maji, wengine chini kabisa kwenye tope. Wakifa, maganda yote hushuka. Sakafu za bahari duniani zimejaa maganda kama haya, kwa hiyo kuyapata Kilwa si ajabu. Ajabu ni hali yaliyomo. Ganda la kale lililotolewa sakafu ya bahari kuu kwa kawaida limepauka na kuwa jeupe, halipitishi mwanga, kwa sababu maji yamepenya humo kwa mamilioni ya miaka, yakayeyusha chokaa ya awali na kuweka nyingine mahali pake. Umbo limebaki, mwili wenyewe umebadilishwa. Ya Kilwa yanang'aa kama shanga za kioo. Tope liliyafunga, maji hayakupita, wala tabaka hazikuzikwa kina kirefu cha kuzipika. Chokaa ile ni ileile kiumbe aliyoijenga akiwa hai, miaka milioni 40 au zaidi iliyopita.

Umuhimu wake ni huu. Oksijeni iliyomo ndani ya chokaa ina atomu nyepesi na nzito, na uwiano wake hutegemea joto la maji ganda lilipojengwa. Ganda safi ni kipimajoto. Kwa miaka mingi wanasayansi walipima maganda ya bahari kuu wakapata jibu la kutatanisha. Katika zama za Iosini, wakati ncha za Dunia hazikuwa na barafu kubwa, bahari za tropiki zilionekana kuwa na ubaridi kuliko za leo, eti hata nyuzi 15 hadi 23 za Selsiasi. Watu walitunga nadharia za kueleza ubaridi huo. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Paul Pearson na wenzake, akiwemo Mtanzania Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Walikuwa wamepima maganda ya kioo, ya Kilwa yakiwamo. Joto lililotoka lilikuwa nyuzi 28 hadi 32, na huenda zaidi. Ubaridi wa zamani ulikuwa umetokana na chokaa mpya iliyojijenga ndani ya maganda huko chini kwenye maji baridi ya kina. Bahari ya tropiki haikuwahi kuwa baridi vile. Tope la pwani hii lilisahihisha historia ya hali ya hewa ya Dunia nzima.

Baada ya hapo walirudi na mtambo wa kuchoronga, wakatoboa visima vingi vya utafiti kati ya Kilwa na Lindi. Katika nguzo za udongo walizozitoa wameona kikomo cha Iosini, yapata miaka milioni 34 iliyopita, pale Antaktika ilipoanza kufunikwa na barafu na jamii nzima ya foraminifera yenye miiba, Hantkenina, ikatoweka moja kwa moja. Mwaka 2009 maganda ya hapa yalitumika kukadiria hewa ya ukaa ilivyobadilika angani wakati huo. Mojawapo ya spishi za mwanzo za Hantkenina inaitwa Hantkenina singanoae, kwa heshima ya Bi Singano. Natamani jina hilo liandikwe kwenye kibao kikubwa pale njia panda, mahali abiria wanapokunywa soda.

Kilwa Kivinje

Kivinje inazeeka kwa heshima. Majumba ya Waarabu na Wahindi yana milango iliyochongwa na mapaa yaliyoporomoka, boma la Wajerumani linatazama bahari, na mikoko imesogea karibu na mji. Misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa. Nilionyeshwa Mwembe Kinyonga, mahali Hassan bin Omari Makunganya aliponyongwa mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani.

Jioni nilikaa barazani na mzee mmoja mvuvi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu, karibu Kivinje." Alipojua nilichofuata aliniuliza swali ambalo msomi angejivunia kuliuliza: katika wote waliowahi kuishi, ni wangapi tumebahatika kuwaona?

Nilimweleza kadiri ninavyofahamu. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na kwa muda mrefu sana viumbe vilikuwa chembe ndogo za seli moja zisizo na kiini. Seli yenye kiini, ambayo ndiyo yetu sisi, ya mwembe, ya samaki na ya foraminifera, ilikuja baadaye sana, na mwanzo wake umefichika kwa sababu vitu laini havibaki. Afrika inashikilia kurasa kadhaa za mwanzo huo. Franceville, nchini Gabon, katika miamba yenye umri wa miaka bilioni 2.1, timu ya Abderrazak El Albani ilitangaza mwaka 2010 maumbo inayoamini ni ya viumbe vilivyoishi kwa kuungana, na wataalamu wengine bado wanabisha. Kusini mwa Namibia yapo maumbo ya miaka milioni 550 hivi, kama majani ya mishono, yanayoitwa Rangea na Ernietta, ambayo hakuna aliye na hakika yalikulaje wala yaliishije. Halafu Kanada, mwezi Agosti 1909, Charles Walcott aliokota mlimani vipande vya mwamba wa Burgess, vyenye umri wa miaka milioni 508, vikiwa na wanyama wasio na mfupa wala gome gumu. Macho yalionekana, hata matumbo. Ni tope lililoporomoka chini ya bahari likawafunika ghafla, hewa isiwafikie, na wachunguzi wa siku hizi wanaona aina ya chembe za mfinyanzi zenyewe ilizuia kuoza.

"Kwa hiyo anayebaki ni aliyezikwa upesi," alisema mzee.

Upesi, na katika udongo mzuri. Tope la Kilwa ni changa likipimwa na la Burgess, na haliweki nyama laini. Linaweka kitu cha pekee chake. Mwaka 2008 Paul Bown na wenzake walieleza kuwa limetunza hata kokolithi, vigamba vya mimea midogo ya baharini vyenye upana wa sehemu chache za elfu za milimita, vikiwemo vile vyembamba ambavyo kwingine huyeyuka visiache alama. Wakaliweka tope hili katika kundi moja na hifadhi adimu za visukuku duniani. Kwa maneno mengine, mahali pengine tunawaona waliokuwa na maganda mazito, tukadhani ndio jumuiya yote. Hapa tunawaona na wanyonge.

Kisiwani

Asubuhi tulivuka kwa mashua kutoka Masoko hadi Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu una nguzo na kuba za jiwe la matumbawe na chokaa, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, limekaa juu ya jabali likitazama maji. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji. Matumbawe ya kuchonga yalitolewa baharini yakiwa bado laini, yakanakshiwa, yakakauka na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma. Mji mzima umejengwa kwa miili ya viumbe vya bahari, na nikigusa ukuta niliona vyumba vidogovidogo vya wanyama wale waziwazi, bila lenzi.

Nyuma ya Kisiwani kipo Songo Mnara. Karibu nacho, Septemba 2003, wavuvi walimnasa silikanti, samaki ambaye ukoo wake wataalamu waliujua kwa visukuku tu mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Nahodha wetu alikuwa na habari zake. Alisema ni samaki asiyelika, nyama yake mafuta matupu. Sikuwa nimesikia mtu akimweleza silikanti kwa upande wa sufuria, na nadhani sayansi inahitaji pia maneno ya watu wanaomvuta kwenye nyavu.

Lindi

Njia ya kwenda Lindi inapanda na kushuka vilima vya mikorosho. Mabibo yalikuwa yameiva, na harufu yake tamu yenye ukali iliingia madirishani. Mjini nilikula ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huithamini kuliko mgeni anavyotarajia. Sikukaa sana.

Tendaguru

Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa Lindi, na hakina fahari yoyote ya kukitazama. Ni mwinuko wa miyombo na nyasi ndefu. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa imejitokeza njiani, na kuanzia mwaka 1909, mwaka uleule wa Walcott, jumba la makumbusho la Berlin lilichimba hapa mpaka 1913. Miaka michache tu ilikuwa imepita tangu vita na njaa ya Maji Maji kuimaliza nchi. Kwenye kilele cha kazi wachimbaji walifika 500. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka Lindi, mwendo wa siku nne, jumla yake zaidi ya tani 200. Dinosaria Giraffatitan aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana kimo cha mita 13 na ushei, na ana umri wa miaka milioni 150.

Hapa pia mhifadhi alikuwa tope. Tabaka za mifupa ni udongo wa ukingo wa bahari wa zama za Jurasiki, na katikati yake zipo tabaka za mchanga zenye kombe. Katika udongo huohuo yalipatikana mataya ya mamalia wadogo kuliko panya. Watu hupiga picha mjusi mkubwa. Mimi ningeanza na taya lile.

Mwenyeji wangu kijijini, mzee wa Kimwera, alituandalia ugali na kunde, akasikiliza habari za Berlin kwa makini. Hakuuliza mifupa itarudi lini, ingawa suala hilo limewahi kufika bungeni. Aliuliza kama huko wanayajua majina ya waliochimba.

Nilimjibu kwamba mawili wanayajua vizuri. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, yumo katika jina la dinosaria Australodocus bohetii la mwaka 2007. Mohammadi Keranje, aliyesimamia shimo jingine, yumo pamoja na Wamwera wote katika Wamweracaudia keranjei la mwaka 2019. Nikamwambia pia kuwa baadhi ya mifupa ilifungwa katika mapipa ya mianzi yaliyosukwa papa hapa, na kwamba yapo mapipa ambayo hayajafunguliwa Berlin hadi leo. Yamepigwa picha za miale ili yaonekane yaliyomo bila kukata fundo.

"Mafundo ya nani?" aliuliza.

Hayajaandikwa, nilisema. Akamwita ndugu yake kutoka nyumba ya pili, mkubwa wake kwa umri, na wakaanza kutajiana wazee waliosikia wakisimuliwa kuwa walifanya kazi mashimoni: nani alikuwa mbebaji, nani fundi wa kusuka mianzi, nani alikufa njiani kabla ya kufika Lindi. Nilitoa daftari, nikawaomba waanze tena, taratibu.